Oda zimeshuka kiwandani: utajuaje kama soko litarudi?

Msomaji anayesimamia uzalishaji katika kiwanda cha vipuri vya chuma ameniandikia hivi: "Tunatengeneza vipuri vya pampu, vya mashine za kusindika chakula na vya injini za magari. Kwa miezi kadhaa sasa oda zimeshuka karibu nusu. Mkurugenzi anasema huu ni mdororo wa dunia nzima, tuvumilie, mambo yatarudi. Mhasibu anataka tupunguze wafanyakazi na tushushe bei ili wateja wasitukimbie. Mafundi wananiuliza kama kazi ya kiwandani ina mustakabali wowote. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, swali lako limebeba ajira za watu unaowafahamu kwa majina, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu. Nianze na jibu lenyewe: usimfuate yeyote kati yao kabla hujazigawa oda mlizopoteza katika mafungu mawili. Kuna oda zilizoahirishwa, na kuna oda zilizoondoka moja kwa moja. Mkurugenzi anazungumzia fungu la kwanza. Mafundi wanaogopa fungu la pili. Mhasibu anataka kutibu maradhi mawili kwa dawa moja. Hiyo "karibu nusu" uliyoniandikia imeyachanganya yote, na ndiyo maana haikuoneshi la kufanya.

Tuanze na zile zilizoahirishwa, kwa sababu mara nyingi huwa nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tumchukue msambazaji anayeuza pampu 100 kwa wiki, na ambaye kawaida yake ni kuweka ghalani akiba ya wiki nne, yaani pampu 400. Wiki moja mauzo yanashuka hadi 90. Kwa kuwa alikwisha kuagiza 100, ghala lake linafikia pampu 410. Lakini akiba ya wiki nne kwa kasi hii mpya ni 360. Wiki inayofuata anatarajia kuuza 90 na anataka abaki na 360, basi anaagiza 40 tu. Wanunuzi wa mwisho wamepungua kwa asilimia 10, ilhali mtengenezaji wa pampu anaona oda zake zimeanguka kwa asilimia 60. Naye mtengenezaji huyo ana akiba yake ya vipuri vyenu. Anapiga hesabu ileile, na anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuagiza chochote. Ninyi mko ngazi ya tatu. Anayewauzia ninyi chuma yuko ngazi ya nne, na maumivu yake ni makubwa zaidi.

Hesabu hiyo haina uzembe wala nia mbaya ndani yake. Kila mmoja kwenye mnyororo amefanya jambo la busara kwa upande wake, na jumla ya busara zote hizo ni kiwanda kilichosimama. Kinachotia moyo ni kwamba hesabu hufanya kazi pande zote mbili. Mwanzoni mwa 2010, dunia ilipokuwa inatoka kwenye mtikisiko wa 2008 na 2009, Caterpillar, kampuni ya Marekani inayotengeneza mashine za ujenzi, iliwaambia wagavi wake wa chuma kwamba ingeongeza manunuzi zaidi ya mara mbili hata kama mauzo yake yenyewe yasingepanda. Ilikuwa imetumia akiba ya ghalani kwa muda mrefu, na akiba hiyo ilikuwa imekwisha. Kurudi tu kwenye kununua kile inachotumia kulitosha kuzidisha oda maradufu.

Ipo sababu nyingine inayowaumiza ninyi mnaotengeneza vitu vinavyoingia kwenye mashine. Chukua kiwanda chenye mashine 100, kila moja ikidumu miaka kumi. Kila mwaka kinabadilisha mashine 10. Soko likikua kwa asilimia 10 kinahitaji mashine 110, hivyo mwaka huo kinanunua 20. Mwaka unaofuata soko likitulia palepale, kinarudi kununua kama 10. Hakuna mteja aliyepungua, lakini muuza mashine amepoteza nusu ya biashara yake. Na soko likishuka kwa asilimia 10, kiwanda hicho hakinunui hata mashine moja, maana zilizobaki baada ya zile zilizochakaa zinatosha. Anayetengeneza sabuni au unga hapati mtikisiko wa namna hiyo, kwa kuwa watu hawaahirishi kula na kuoga. Mashine, gari, jokofu, kreni, vyote hivi mnunuzi anaweza kuvumilia na cha zamani kwa mwaka mmoja zaidi. Ndiyo maana mwaka 2009 kiasi cha biashara ya bidhaa duniani kilishuka kwa takriban asilimia 12 huku pato la dunia likishuka kidogo sana kulinganisha na hapo. Vinavyovuka mipaka kwa wingi ni vile hasa vinavyoahirishika, pamoja na vipuri vyake.

Sasa, unatofautishaje? Usimuulize mteja ataagiza lini, kwa sababu mwenyewe hajui, na akikujibu atakujibu kwa adabu tu. Muulize mambo matatu anayoweza kuyaangalia kwenye vitabu vyake: mwezi uliopita aliuza mashine ngapi kwa watumiaji, na mwezi kama huo mwaka jana aliuza ngapi, ana vipuri vyenu vya kutosha wiki ngapi, na anataka akiba hiyo ifike wiki ngapi. Majibu hayo yana thamani kuliko utabiri wowote utakaousoma. Akikuambia mauzo yake yamepungua kwa asilimia 8, ghalani ana wiki kumi na moja, na lengo lake ni wiki sita, basi ana wiki tano za ziada. Akiagiza nusu ya anachotumia, ziada hiyo itaisha baada ya wiki kumi, na hapo oda zake zitapanda karibu maradufu bila soko kupona hata kidogo. Mteja wa namna hiyo yuko fungu la kwanza, na kwake mkurugenzi wako ana haki ya kusema tuvumilie. Akikuambia mauzo yake yamepungua kwa asilimia 40 na ghala lake ni tupu, hilo ni jambo jingine kabisa.

Watu wengi hutazama fahirisi ya mameneja wa manunuzi inayotolewa kila mwezi katika nchi nyingi, ambayo juu ya 50 humaanisha shughuli za viwanda zinapanuka na chini ya hapo zinasinyaa. Itazame, lakini usiishie kwenye namba kubwa ya kichwa cha habari. Ndani yake mna kipimo cha oda mpya na kipimo cha bidhaa zilizorundikana ghalani. Oda mpya zikianza kupanda huku marundo yakipungua, mzunguko unakaribia kugeuka, hata kama namba ya jumla bado iko chini ya 50. Fahirisi ya viwanda ya dunia haikupanda juu ya 50 kwa zaidi ya mwaka mmoja tangu mwishoni mwa 2022, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa hiyo ya maghala. Wakati wa janga la korona na baada yake kampuni ziliagiza kupita kiasi kwa hofu ya kukosa bidhaa. Kisha benki kuu ya Marekani ikapandisha riba kutoka karibu sifuri mwezi Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 mwezi Julai 2023, na benki kuu nyingi zikafanya vivyo hivyo. Bidhaa iliyolala ghalani ni fedha iliyolala. Riba ikiwa sifuri hailalamikiwi na mtu. Riba ikifika asilimia 5, kila mkurugenzi wa fedha anataka ghala lipungue.

Fungu la pili ndilo linalohitaji ujasiri. Kuna oda ambazo hazitarudi hata dunia ikinawiri, na mdororo huzificha vizuri, kwa sababu kila mtu ana kisingizio tayari. Mfano unaonifundisha zaidi kuliko yote ni wa alumini nchini Japani. Katika miaka ya 1970 Japani ilikuwa mmoja wa wazalishaji wakubwa wa alumini duniani, ikiyeyusha zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka. Kuyeyusha alumini ni kazi inayokula umeme kwa wingi, na sehemu kubwa ya umeme wao ulitokana na mafuta. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, na tena mwaka 1979, wengi walisema ni dhoruba. Mahitaji ya alumini yalirudi kweli, na Japani inaitumia hadi leo kwa wingi. Kuyeyusha hakukurudi. Viyeyusho vilifungwa kimoja baada ya kingine, na cha mwisho, kule Kambara, kilifungwa mwaka 2014. Soko la bidhaa lilikuwa zima. Kilichokufa ni sababu ya kuitengenezea mahali pale kwa umeme wa bei ile.

Kwa hiyo, kwa kila bidhaa mnayotengeneza, jiulizeni mambo mawili tofauti: je, watu bado wataihitaji? Na je, kuna sababu ya kuendelea kununuliwa kwenu? Ulaya imekuwa ikijibu swali la pili kwa uchungu tangu 2022. Kabla ya vita vya Ukraine, zaidi ya nusu ya gesi ambayo Ujerumani ilikuwa ikiagiza kutoka nje ilitoka Urusi, na viwanda vyake vya kemikali vilijengwa juu ya gesi hiyo. Mwezi Februari 2023 BASF, kampuni kubwa ya kemikali ya Ujerumani, ilitangaza kufunga kiwanda kimojawapo cha amonia, malighafi ya mbolea inayotengenezwa kwa gesi, kule Ludwigshafen, makao yake makuu. Dunia haikuacha kutumia amonia. Mbolea bado inahitajika.

Kwa upande wenu, mstari wa kwanza ninaoutilia shaka ni ule wa vipuri vya injini. Mwaka 2024 magari ya umeme yaliyouzwa duniani, yakiwemo ya mseto yenye injini na betri ya kuchaji, yalizidi milioni 17, zaidi ya gari moja kati ya kila matano mapya, na karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa China yalikuwa ya aina hizo. Gari la umeme tupu halina pistoni, halina pampu ya mafuta, halina ekzosi, na giaboksi yake ni nyepesi mno. Magari ya injini yaliyoko barabarani yatahitaji vipuri kwa miaka mingi ijayo, kwa hiyo kama mnauza kwa mafundi wa matengenezo bado mna muda mrefu. Kama mnauza kwa viwanda vinavyounganisha magari mapya, muda wenu ni mfupi zaidi, na oda iliyopotea humo msiihesabu kama iliyoahirishwa. Pampu za maji na mashine za chakula hazina tatizo hilo. Watu wataendelea kuvuta maji na kusaga nafaka, na mashine zinazofanya kazi hizo huchakaa.

Hapo lipo swali la China, ambalo hakuna anayeandika kuhusu viwanda anayeweza kuliruka. China peke yake inazalisha karibu theluthi moja ya bidhaa zote za viwandani duniani kwa thamani. Katika chuma inazalisha karibu tani bilioni 1 kwa mwaka, zaidi ya nusu ya chuma chote cha dunia, na katika paneli za sola ina zaidi ya asilimia 80 ya uwezo katika kila hatua ya utengenezaji. Soko lake la nyumba lilipozorota tangu 2021, chuma kilichokosa majengo ya kuingia kilitafuta meli: mwaka 2024 China iliuza nje zaidi ya tani milioni 100. Viwanda vya nchi nyingine viliona bei zikianguka huku gharama zao zikibaki palepale. Huo ni mdororo wa mahali pamoja uliosafirishwa kwenda kwingine. Serikali nyingi zimejibu kwa ushuru wa forodha, na mwezi Aprili 2025 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za karibu nchi zote, juu ya nyingine nyingi ilizozitoza hasa China. Ushuru unaweza kumpa mtengenezaji wa ndani nafasi ya kupumua. Pia humpandishia bei ya malighafi anayoagiza kutoka nje, na kwa kiwanda cha vipuri kama chenu, ambacho chuma ni sehemu kubwa ya gharama, upande wa pili unaweza kuwa mzito kuliko wa kwanza. Msiingize ushuru kwenye mpango wa miaka mitano kana kwamba ni sheria ya maumbile. Uliwekwa kwa saini, na huondolewa kwa saini.

Sasa nimgeukie mhasibu wenu, ambaye namheshimu kwa kuwa ndiye aliyefungua vitabu wakati wengine wanabishana. Pendekezo lake la kushusha bei ndilo linalonitisha kuliko yote. Tuseme kiwanda kinauza kwa 100, malighafi na gharama nyingine zinazopanda na kushuka na uzalishaji ni 60, na gharama zisizobadilika, kama kodi ya jengo, riba, bima na mishahara ya kudumu, ni 30. Faida ni 10. Mkipoteza robo ya mauzo, mtauza kwa 75, malighafi zitakuwa 45, zile 30 ziko palepale, na faida ni sifuri. Sasa tuseme hamkupoteza mteja hata mmoja, ila mmeshusha bei kwa asilimia 10. Mtauza kwa 90, malighafi 60, zile 30 palepale, na faida ni sifuri. Punguzo la asilimia 10 limewaumiza sawasawa na kupoteza robo ya wateja, na kazi ni ileile, mashine zinachakaa vilevile. Tena mteja mwenye akiba ya wiki tano za ziada haagizi zaidi kwa sababu bei imeshuka. Ataipokea bei hiyo kwa oda ndogo aliyokusudia kuiweka hata hivyo, na mambo yakitulia hatakubali ipande tena. Mpeni kitu kingine badala ya bei: mzigo mdogo unaopelekwa mara nyingi, muda mfupi wa kusubiri, au ninyi mumtunzie akiba na alipe anapoichukua. Hicho ndicho mteja mwenye shida ya ghala anachokihitaji, na washindani wa mbali wanaosafirisha kwa kontena la meli hawawezi kumpa.

Kuhusu wafanyakazi, zipo njia mbili zilizokwisha kujaribiwa kwa ukubwa wa nchi nzima. Katika mtikisiko wa 2009, pato la Ujerumani lilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 mwaka mmoja, lakini ukosefu wa ajira haukupanda sana. Viwanda vilipunguza saa badala ya watu, na serikali ikafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Mei 2009 wafanyakazi takriban milioni 1.5 walikuwa katika mpango huo. Oda ziliporudi mwaka 2010, mafundi walikuwa tayari wako kwenye mashine zao, na uchumi ukakua kwa takriban asilimia 4. Marekani ilipoteza zaidi ya ajira milioni 2 za viwandani tangu mwisho wa 2007 hadi mwanzoni mwa 2010, na hata miaka kumi baadaye idadi hiyo haikuwa imerudi yote. Si haki kusema tofauti yote ilitokana na mpango wa saa, maana nchi hizi zinauza vitu tofauti kwa wateja tofauti. Hata hivyo, fundi aliyeondoka hurudi mara chache. Sekta ya ndege ilijifunza hili baada ya 2020: ilipunguza watu wengi wenye uzoefu, na abiria waliporudi, kwa miaka kadhaa watengenezaji na wagavi wao walihangaika kufikisha ndege kwa wakati na kwa ubora.

Hata pasipo msaada wa serikali kiwanda kina la kufanya. Toyota ilisimamisha laini ya pikapu kubwa kule San Antonio, Texas, kwa miezi mitatu mwaka 2008, na haikuwafukuza wafanyakazi wake. Waliendelea kulipwa huku wakipewa mafunzo na kurekebisha namna laini yao inavyofanya kazi. Najua Toyota ina akiba ya fedha ambayo ninyi hamna, na mwaka ule wa fedha nayo ilipata hasara ya uendeshaji ambayo haikuwa imeiona kwa takriban miaka 70. Lakini kanuni inashuka hadi kwenye kiwanda kidogo. Kateni kwanza saa za ziada, kisha zamu, kisha saa za kila mtu, viongozi wakiwemo, na wafanyakazi waelezwe hesabu wazi. Mwisho kabisa ndipo waguswe watu, na hata hapo kuna watu ambao mkiwapoteza mtajuta kwa miaka: fundi anayetengeneza kalibu, fundi mitambo anayejua kila mashine inavyolia kabla haijaharibika, na mkaguzi wa ubora ambaye wateja wanamwamini kwa jina. Tumieni saa zilizolegea kufanya matengenezo mliyoyaahirisha na kupunguza muda wa kubadilisha laini kutoka bidhaa moja kwenda nyingine. Uwezo huo wa kubadilisha haraka ndio utakaowaruhusu kuuza ile mizigo midogo niliyoisema.

Walio kwenye mstari wa vipuri vya injini za magari mapya waambieni ukweli mapema. Anayejua kukereza bushi ya injini kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita anaweza kukereza shafti ya pampu. Anachohitaji ni miezi ya kujifunza, na miezi hiyo mnayo sasa wakati mashine zimelala. Mkingoja soko hilo life kabisa, hamtakuwa na muda wala fedha ya kuwahamisha.

Kwa swali la mafundi kama kiwanda kina kesho, jibu langu ni ndiyo, ingawa sitawapa ahadi ya zamani kwamba viwanda vitaajiri watu wengi kuliko leo. Roboti zaidi ya milioni 4 zinafanya kazi viwandani duniani, na zaidi ya nusu ya zinazofungwa kila mwaka zinafungwa China, nchi ambayo zamani ilisifika kwa wingi wa wafanyakazi. Mwanauchumi Dani Rodrik ameonesha jambo linalonisikitisha: nchi zinazochelewa kuingia kwenye viwanda zinafika kilele cha ajira za viwandani mapema, na kilele chenyewe ni cha chini kuliko cha zile zilizotangulia. Kitakachopungua ni kazi ya kuingiza kipande na kukitoa. Anayeiweka mashine sawa, anayesoma kosa lake, anayechora kipuri ambacho hakipatikani tena sokoni, huyo anatafutwa kila mahali.

Na yapo mahitaji yanayokua hata sasa, sokoni kukiwa baridi. Gridi za umeme zinapanuliwa kwa ajili ya sola, upepo, magari ya kuchaji na vituo vya data, kiasi kwamba anayeagiza transfoma kubwa ya umeme anaweza kusubiri miaka miwili au zaidi. Mifumo ya kupooza, valvu na pampu huenda pamoja na vituo hivyo. Serikali nazo zinalipa ili baadhi ya viwanda viwe karibu. Sheria ya Marekani ya Agosti 2022 ilitenga zaidi ya dola bilioni 50 kwa ajili ya chipu za vifaa vya kielektroniki, baada ya funzo kali la 2021. Watengenezaji wa magari walikuwa wamefuta oda za chipu kwa hofu mwanzoni mwa janga, nafasi yao kwenye foleni ikachukuliwa na watengenezaji wa kompyuta na simu, na kwa kuwa chipu moja huchukua takriban miezi mitatu au zaidi kutengenezwa, mamilioni ya magari hayakuundwa. Liangalieni hilo pia mnapofikiria kumkatia oda mgavi wenu. Kama ni yeye tu anayewaletea aina fulani ya chuma, msimwache afe kwa ajili ya kuokoa ankara moja.

Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Januari 2026, unatoza gharama ya kaboni, yaani malipo kwa gesi chafu iliyotolewa wakati wa kutengeneza, kwa chuma, alumini, saruji, mbolea na bidhaa nyingine kadhaa zinazoingia sokoni kwake. Hata kama ninyi hamuuzi huko, wateja wenu wanaouza huko wataanza kuwauliza chuma chenu kimeyeyushwa kwa nishati gani. Kuwa na jibu lililoandikwa ni kazi ya siku chache, na linaweza kuwapa oda ambayo mwenye bei ndogo ameikosa.

Liko jambo moja ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeligusa, nalo ndilo huua viwanda vingi vilivyokwisha kuvuka hatari. Oda zikishuka, kwa miezi ya mwanzo fedha huingia vizuri, kwa sababu mnakusanya madeni ya mauzo ya zamani huku mkinunua malighafi kidogo. Mhasibu ataona salio benki limepanda na kila mtu atapumua. Shida huja soko linapogeuka. Siku mteja yule mwenye ghala tupu atakapoagiza maradufu, mtapaswa kununua chuma maradufu, kulipa saa za ziada, na kungoja siku 90 alipe. Wagavi wenu, ambao nao wametoka kuumia, watataka fedha taslimu au siku 30. Kiwanda kinaweza kufilisika kikiwa na oda nyingi kuliko kilizowahi kupata, kwa kukosa fedha ya kujaza pengo la miezi miwili. Kwa hiyo salio linalopanda sasa msilitumie kulipia punguzo la bei wala gawio la wenye hisa. Mkurugenzi aende benki mwezi huu, wakati vitabu bado vinapendeza, aombe kibali cha mkopo wa kuendeshea shughuli ambao hatauchukua sasa, na aende na majibu ya wateja kuhusu akiba zao. Mkopeshaji aliyeoneshwa kwamba wateja wenu wakubwa wana wiki chache tu za vipuri ghalani anaielewa hatari yake kwa urahisi kuliko yule anayeoneshwa chati ya mauzo inayoteremka.